Majina ya wapiga kelele

Kama umesoma shule ya msingi Tanzania, ubao huo unaujua. Mwalimu katoka, monita kasimama na chaki yake, na pembeni ya ubao, juu kabisa, kaandika kwa herufi kubwa: MAJINA YA WAPIGA KELELE. Kisha orodha inaanza kushuka. Ukigeuka kumwomba mwenzio ufutio, umo. Ukisema umeonewa, mbele ya jina lako inaongezwa "amezidi". Ukiendelea kubisha, "amezidi sana". Mimi niliandikwa siku moja kwa kupiga chafya. Nilikuwa darasa la tatu, mafua yamenishika, na asubuhi ile nilikuwa nimemnyima monita ubuyu.

Mwalimu akirudi anakuta darasa kimya, nzi anasikika. Mwili wangu unaukumbuka ukimya ule hadi leo: mabega yamepanda, mikono imebanwa mapajani, kila mtu anahesabu mistari iliyo juu ya jina lake. Siku hizi kanuni, tangu zile za mwaka 2002, zinasema fimbo ni ya mwalimu mkuu au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na viboko visizidi 4. Enzi zetu hesabu aliijua mwenye fimbo.

Mwaka juzi shule anayosoma binti yangu, ya serikali, upande wa Temeke, iliniomba niwachoree "mahali pa utulivu". Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba, nikaona hilo ni jambo la wikiendi moja. Lilinichukua zaidi ya mwaka, na sehemu kubwa ya muda huo niliimaliza kugundua kwamba nilichokuwa nakichora ni ukimya uleule wa ubaoni, ila nimeupaka rangi.

Shule yenyewe ina wanafunzi wanaopita elfu mbili, wanaingia kwa awamu mbili. Wa asubuhi wakiwa wanafunga mabegi, wa mchana wameshajaa mlangoni, kwa hiyo hakuna saa ambayo uwanja unapumua. Mbele kuna kijiwe cha bodaboda. Kushoto, ng'ambo ya ukuta, kuna grosari ambako singeli huanza saa nne asubuhi. Kulia kuna fundi anachomelea mageti. Katikati ya yote hayo inaning'inia kengele ya shule, yaani rimu ya lori kwenye tawi la mwembe, inayogongwa kwa kipande cha nondo na mtoto aliyeisubiri zamu hiyo muhula mzima na ambaye hana nia yoyote ya kuigonga taratibu.

Rimu ndiyo iliyoanzisha yote. Kulikuwa na mtoto wa kiume, wakati ule darasa la pili, ambaye ikigongwa tu anaziba masikio na kuchomoka. Walimu walidhani ni mtoro. Baadhi ya wazazi walidhani mengine, ya waganga. Mama yake alisimama kwenye kikao, akasema, "Shikamooni walimu, na nyie wazazi wenzangu," akaeleza kwamba hospitalini wameambiwa ni usonji. Zipo shule za serikali Dar zenye vitengo vya watoto wa aina hiyo, Msimbazi Mseto ikiwamo, lakini kutoka kwao ni daladala mbili kwenda na mbili kurudi, na yule mama asubuhi anauza mihogo. Kisha akasema jambo ambalo nililiandika nyuma ya ajenda: "Mwanangu akikimbia anatoka getini, anaingia barabarani. Naomba tu awe na pa kukimbilia humu humu ndani."

Kikao kikanyamaza. Halafu, kama kawaida yetu, tukaunda kamati ndogo.

Zilipatikana shilingi 640,000. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, neno "mchango" linamtia mwalimu mkuu yeyote jasho, na wa kwetu aliandika "kwa hiari" mara tatu kwenye barua moja. Tukapewa stoo ya majembe na mafagio. Nikachora, nikasimamia. Tukapaka rangi ya bluu iliyopauka, kwa kuwa nilikuwa nimesoma mahali kwamba bluu inatuliza, tukatandika mikeka, tukaweka mito. Mzazi mmoja akaleta trei za mayai tubandike ukutani zizuie sauti. Nikamshukuru na nikazikataa: ni karatasi nyembamba, sauti nzito zinazipita kana kwamba hazipo, na moto zinaupenda. Mimi nikaona nimeerevuka zaidi. Nikajaza makumbi ya nazi kwenye magunia, nikayatundika kwa nafasi ya vidole vinne kutoka ukutani, maana kitu chenye nyuzinyuzi kikiachiwa hewa nyuma yake hunywa sauti vizuri zaidi. Kitaalamu ilikuwa sahihi. Baada ya wiki tatu panya walikuwa wamezaa humo.

Lakini panya hawakuwa tatizo kubwa. Tulifungua Jumatatu. Jumatano mwalimu wa zamu aliwakuta wavulana wawili wanapigana, akawapeleka kule: "Kaeni humo mpaka mtulie." Hakuwa na nia mbaya, chumba kiliitwa cha utulivu na watoto hawakuwa wametulia, ungefanyaje? Ijumaa binti yangu akarudi nyumbani na habari kwamba kile chumba sasa kina jina. Watoto walikuwa wanakiita Segerea.

Kwa wasio wa Dar, Segerea ni gereza.

Na yule mtoto ambaye chumba kilijengwa kwa ajili yake? Hakuingia hata mara moja. Alifika mlangoni, akachungulia, akaondoka. Nilikaa pale kwenye kizingiti nikitazama anachokiona yeye: mlango mmoja, dirisha moja la nondo, na bati lisilo na dari linalochemka kuanzia saa tatu. Mtu anayekimbia haingii mahali penye mlango mmoja. Paka anajua hilo. Mimi mwenye cheti nilikuwa sijui.

Kilichonifungua akili ni mvua. Ilikuwa masika, mwezi wa nne, nimekaa nyuma ya darasa la tano nikipima kelele kwa simu. (Simu si kipimo cha kitaalamu, lakini inakupa mwelekeo.) Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, linataka kelele za nyuma darasani zisipite desibeli 35 wakati wa somo. Simu yangu ilikuwa inacheza karibu na 70 kabla mwalimu hajafungua mdomo. Mara mvua ikashuka. Mnajua mvua ya masika juu ya bati: mwalimu alipayuka sentensi mbili, akatabasamu, akaweka chaki chini, akaketi. Hakuna aliyeweza kumsikia mwenzake. Namba kwenye simu ikapanda mpaka nikaona haina maana kuitazama.

Na darasa likatulia. Mmoja alilaza kichwa juu ya dawati. Wawili walichora. Msichana wa dirishani alikuwa anatazama maji yanavyoshuka kutoka kwenye kingo za bati, mdomo wazi kidogo. Mwalimu mwenyewe alikuwa anatazama hayohayo. Mabega yote yalikuwa chini. Ilikuwa saa ya kelele kuliko zote katika siku ile, na ndiyo saa pekee niliyoona utulivu kwenye jengo lile.

Nikawaza sana kuhusu mvua ile. Inavuma, lakini haikuambii kitu, haikuiti jina, haingoji jibu. Kinachomchosha mtoto darasani kwetu zaidi ni maneno: darasa la jirani wanaimba tebo ya saba, mwalimu wa ng'ambo anafoka, spika ya grosari inatangaza ofa. Sikio la binadamu haliwezi kuyaacha maneno yanayoeleweka yapite hivihivi. Na maneno hayo yanapita kwa urahisi wa kusikitisha, kwa sababu madarasa mengi hayana dari, na ukuta kati ya darasa na darasa unaishia kwenye boriti. Juu yake, hadi kwenye bati, pako wazi. Unaweza kujenga ukuta wa tofali la inchi tisa ukipenda. Sauti inaruka juu yake kama kuku.

Sitaki kusema kelele hazina neno. Mwaka 1975 Arline Bronzaft na Dennis McCarthy walitoa matokeo ya utafiti katika shule moja ya Manhattan, New York, iliyokuwa kando ya reli ya juu. Walilinganisha watoto wa shule ileile, waliosoma upande wa reli na waliosoma upande wa pili. Kufikia darasa la sita, wa upande wa reli walikuwa nyuma kwa kusoma kwa kiasi cha miezi 11. Baadaye waliweka mipira chini ya reli na dari za kunywa sauti madarasani, na Bronzaft aliporudi kupima, tofauti ilikuwa imekwisha. Nilipowasomea hayo wajumbe wa kamati, mzee mmoja akauliza, "Kwa hiyo walihamisha treni?" Hapana, mzee. Waliweka mipira.

Na sauti yenyewe haina siri kubwa. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilimpa mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, ukumbi wa mihadhara ambao neno likitamkwa liliendelea kuzunguka kwa zaidi ya sekunde 5, hakuna anayeelewa kitu. Sabine akawa anaazima mito ya viti vya ukumbi wa jirani, anaibeba usiku, anapanga, anapuliza filimbi ya kinanda, anapima kwa saa, halafu alfajiri anairudisha. Alichokipata ni kwamba ukubwa wa chumba na jumla ya vitu laini vilivyomo ndivyo vinavyoamua mwangwi utadumu muda gani. Saruji laini hunywa asilimia 2 au 3 tu ya sauti inayoigonga, na inayobaki inarudi. Mwili wa mtu, na nguo zake, hunywa kuliko ukuta mzima wa mbele ulivyo. Ndiyo maana darasa tupu linavuma kama tangi, na ndiyo maana sare ya sweta, ambayo kwa joto la Dar haina utetezi mwingine wowote, ina faida yake moja.

Lakini fizikia haikuniambia pa kuweka benchi. Hilo nililipata kwa bibi.

Bibi yangu aliishi Magomeni, nyumba ya Kiswahili ya kawaida: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na nyuma uani. Wapangaji, watoto, wageni wa Rufiji, redio mbili. Humo ndani hapakuwa na chumba cha mtu kuwa peke yake. Hata hivyo mtu alipokuwa na jambo lake, kafiwa, kagombana, au kachoka tu, alipita korido, akaenda kukaa uani karibu na pipa la maji. Na ukimuulizia, jibu lilikuwa moja: "Mwacheni, yuko uani." Basi. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Niliichora uani ile kutoka kichwani, usiku, mezani kwangu, nikajaribu kuona ilikuwa na nini. Ilikuwa nyuma, lakini haikuwa mbali. Ilikuwa na njia mbili, korido na kimlango cha uchochoroni. Sakafu ilikuwa mchanga. Na daima palikuwa na mtu mzima anafanya kazi yake, anapekecha maharage au anafua, amekugeuzia mgongo. Hakukutazama, lakini yupo. Nadhani hilo la mwisho ndilo lililokuwa limekosekana Segerea kuliko yote. Tulimpa mtoto kuta nne na upweke, tukaviita utulivu.

Nikarudi shuleni, safari hii bila karatasi. Nilikaa siku mbili nikiangalia watoto wanaotaka kuachwa wanakwenda wapi wenyewe. Walikuwa wanakwenda nyuma ya jiko la uji. Kati ya jiko na uzio kuna mwarobaini mkubwa, na ardhi chini yake ilikuwa imelainika kwa makalio ya miaka mingi. Mama anayepika uji alicheka nilipomuuliza. "Dada, hawa wanakuja hapa tangu nimeanza kazi. Mimi nawaacha tu." Na yule mtoto wa rimu? "Huyo ni mteja wangu kila siku. Anakaa pale penye kuni." Tulikuwa tumetumia nusu ya hela kumjengea gereza, kumbe pa kukimbilia alikuwa ameshapapata.

Kilichobaki kilikuwa kutopaharibu. Tulijenga kiukuta cha matofali upande wa uwanja na wa grosari, kimo cha mita 1.2. Mtu mzima akipita anaona kama pana watu, mtoto akiketi haonekani. Kimo hicho kina kazi nyingine: ukuta mfupi unasaidia tu pale unapokata mstari kati ya sikio na chanzo cha sauti, na sikio la mtoto aliyeketi liko chini. Fundi alitaka kuweka matofali ya matundu, yanapendeza, nikamwomba aniwekee yaliyoziba, maana penye tundu hewa inapita na maneno yanapita. Tukaacha njia mbili. Tukajenga mabaraza matatu ya kukalia, moja la kimo cha sentimita 30, moja 38, moja 45, yameegemea ukuta na yanatazama mti, hayatazamani. Jingine dogo, la mtu mmoja, liko pembeni penye kuni. Chini tukaacha mchanga.

Mti wenyewe hauzuii kelele, hilo watu wengi hulikosea. Safu moja ya miti ni pazia la macho tu. Ili majani yapunguze sauti kwa maana yoyote unahitaji msitu mnene wa makumi ya mita. Ila upepo wa bahari ukiingia mchana majani yanavuma, na mvumo huo unafanya kazi ndogo ya mvua ile ya masika. Kama ningekuwa na miaka kumi ya kusubiri, ningepanda mivinje. Aliyewahi kulala chini ya mivinje ya ufukweni anajua.

Jambo lililoleta nafuu kubwa kuliko yote halikugharimu hata senti. Tulihamisha rimu. Ilikuwa mita kama 5 kutoka darasa la pili, tukaipeleka kwenye mti wa mwisho wa uwanja, mita 40. Mahali pa wazi, kila umbali unapokuwa maradufu, sauti inayotoka sehemu moja hupungua kwa desibeli 6 hivi; kutoka 5 hadi 40 umbali umekuwa maradufu mara tatu, kwa hiyo desibeli 18. Nondo tukabadilisha na rungu la mti. Kwa miaka yote ile hakuna aliyefikiri kwamba rimu inaweza kuhama. Mimi pia, nilipita chini yake mara ngapi.

Na majirani? Mwenyekiti wa serikali ya mtaa alipendekeza tuwatishe kwa sheria, na sheria ipo: kuna kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Nilizichapa nikazitia kwenye pochi. Mwalimu mkuu akaniambia niziache humohumo kwanza, akaenda kwa fundi wa mageti na shikamoo. Yule mzee akasikiliza, akasema, "Mwalimu, wajukuu zangu wawili wamo humo. Mbona hamkuja siku zote?" Akakubali kukata vyuma kwa grenda wakati wa mapumziko, na kuunga nyakati nyingine, maana kuunga hakuna kelele sana. Grosari nao walikubali. Waligeuza spika ikatazama barabara, na baada ya wiki mbili ikarudi ilipokuwa. Kanuni bado zimo kwenye pochi.

Vita kali ilikuwa ya ndani. Siku ya kumaliza, mjumbe mmoja alikuja na kopo la rangi nyekundu ili aandike ukutani: KIMYA! Na alama ya mshangao. Nikakataa. Akasema bila tangazo watoto watapiga kelele. Nikasema wakipiga, watapiga. Tulibishana mpaka mama wa uji akatuambia tunapiga kelele. Tukaafikiana sharti moja tu, nalo ni la walimu: hapapelekwi mtu. Mtoto anakwenda kwa miguu yake au haendi. Mwalimu wa zamu alijaribu mara moja kumwadhibu mtoto kule, mwalimu mkuu akamwita ofisini, sijui walizungumza nini, haikutokea tena.

Siku hizi watoto wanapaita uani. Ni mimi niliyeliandika neno hilo kwenye mchoro, kwa hiyo sijui kama ni la kwao kweli. Walimu nao wanakwenda, saa nane mchana, na madaftari ya kusahihisha. Ofisi yao ina meza kumi na moja na dirisha la upande wa grosari, hakuna aliyewahi kufikiri kwamba nao wana masikio. Wiki moja kabla ya mitihani ya muhula nilimkuta monita wa darasa la sita kwenye baraza la sentimita 38. Chaki ilikuwa bado mkononi. Nikamuuliza darasani wamekuwaje. "Wanapiga kelele," akasema, hakuinuka.

Madarasa mawili tumeziba pengo la juu ya ukuta kwa siling bodi, kisha hela ikaisha. Yamebaki kumi na mawili.

Na Ijumaa iliyopita mwalimu mkuu amenipigia. Shule imepata fedha za madarasa mawili mapya, habari njema, awamu ya mchana huenda ikapungua. Mafundi wameshapima na kuchomeka vigingi. Kigingi kimoja kiko nyuma ya jiko la uji, katikati ya mchanga, hatua mbili kutoka kwenye baraza la penye kuni. Nimemwomba wasichimbe mpaka Jumatatu. Nitakwenda na futikamba nione kama jengo linaweza kusogea mita tatu upande wa uwanja. Kwenye ramani naona linaweza, ila rimu itabidi ihame tena.